Sumu inaenda wapi?

Swali lilikuja wakati tumeshaanza kukusanya vitu.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri na dakika zake, darasani kwenye shule moja ya hapa Mtwara mjini. Nilikuwa nimetoka kueleza kwa nini muhogo mchungu hauliwi hivi hivi mpaka uandaliwe. Nimechora ubaoni, nimefuta, nimechora tena. Watu walifika kama arobaini. Mwenzangu aliyekuwa akishika muda alishanionyesha saa yake mara mbili, maana adhana ilikuwa karibu na wengi wangekwenda kuswali.

Kwenye benchi la nyuma, upande wa dirishani, bibi mmoja akainua mkono. Hakuunyoosha kama wanafunzi. Aliuinua kidogo tu, kiganja kikiangalia juu, kama mtu anayesikilizia manyunyu.

“Mwalimu, umesema unga ukiloweshwa sumu inatoka. Hapo nimekuelewa. Sasa ikishatoka, inaenda wapi?”

“Inaisha, bibi,” nikamjibu. “Ikitoka ndiyo imekwisha.”

Akaitikia kwa kichwa. Akajitanda kanga yake vizuri, akainuka na wenzake, wakaenda.

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Inaisha.

Limenikaa kooni wiki sita kama mwiba wa samaki.

## Baraza letu

Chama chetu cha kemia mnakijua. Ni kidogo: walimu wa sekondari, mafundi sanifu maabara wawili, na bwana shamba mstaafu anayetushika mkono kila tunapogusa kilimo. Ofisi hatuna. Tunachangishana hela ya chaki, maji ya kunywa na nauli ya anayezungumza.

Mwanzo tulitangaza “mhadhara wa sayansi”. Watu wakatuuliza ni mhadhara wa dini gani, na walikuwa na haki, kwa sababu pwani yetu imelizoea neno hilo kwa mihadhara ya dini ya viwanjani. Mzee wetu wa kilimo ndiye aliyetushauri tuseme baraza. Barazani mtu anakuja na la kwake, anakaa, anauliza, anajibiwa. Tulipobadilisha neno, na waliokuja wakabadilika. Kabla ya hapo tulikuwa tunazungumza na wanafunzi wetu wenyewe, wamevaa sare siku ya Jumamosi kwa sababu tumewaagiza waje.

Mada ya kwanza ya baraza ilikuwa mshumaa. Wazo hilo tuliliazima kwa Michael Faraday. Alikuwa mtoto wa mhunzi, kijana anayejifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London, na mteja mmoja wa dukani akampa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy pale Royal Institution mwaka 1812. Kijana akaandika kila alichosikia, akakijalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy. Miaka ikapita, na yeye akawa ndiye anayesimama mbele ya watu. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana ilianza hapo mwaka 1825, na mfululizo wake Faraday kuhusu mshumaa unakumbukwa mpaka leo.

Nasi tukawasha mshumaa. Tukaufunika kwa glasi kavu, baridi, na kila mtu akaona ukungu ukitanda ndani ya kioo. Tukachukua hewa ya juu ya mwali, tukaitikisa na maji ya chokaa, maji yakageuka meupe kama tui jepesi. Kisha nikawauliza: mshumaa ulikuwa mrefu, sasa ni mfupi, hiyo sehemu nyingine imeenda wapi?

Walijadiliana robo saa nzima. Baba mmoja muuza samaki akashikilia kwamba umeliwa na moto. Mwishoni nikawaambia maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa tangu usiku: mshumaa hauishi, unahama. Sehemu yake imekuwa maji, mmeyaona kwenye glasi. Sehemu yake imekuwa hewa ukaa, mmeiona kwenye chokaa. Hakuna kilichopotea.

Niliyasema maneno hayo kwa furaha. Nayataja hapa kwa sababu yatarudi.

## Ndani ya muhogo

Sasa tuangalie ni nini nilichomnyima yule bibi.

Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini, kimefungiwa ndani ya seli. Kwenye kuta za seli hizo hizo kuna kimeng'enya, yaani kichochezi cha mmenyuko, kiitwacho linamarase. Muhogo ukiwa mzima, havikutani. Ukiparuza, ukitwanga, ukisaga, kuta zinabomoka, wawili hao wanakutana, na hapo sianidi, ndiyo sumu yenyewe, inaachiliwa. Sianidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Hebu pima hilo na mchana wa kwetu. Haihitaji moto. Kwa joto la kivuli cha mwembe tu inageuka hewa na kujiondokea.

Ndiyo maana moto, ambao wengi wetu tunauamini kuliko kitu chochote jikoni, hapa hautusaidii sana. Linamarini inastahimili joto. Kimeng'enya hakistahimili. Ukiutia unga kwenye maji yanayochemka, unakiua kile ambacho kingeitoa sumu, na sumu inabaki imefungwa ndani ya ugali.

Na makopa yetu, haya tunayoyaanika kila kiangazi? Muhogo ukimenywa, ukapasuliwa na kuanikwa juani, unakauka kabla kuta nyingi hazijavunjika. Ukishakauka, mmenyuko unasimama. Linamarini nyingi inabaki mle mle, mpaka kwenye unga. Mtu anayetwanga muhogo ungali mbichi, akauanika, akautwanga tena, anaivunja seli na kuipa sianidi mlango. Mabibi wa kusini wanaijua njia hiyo siku nyingi kabla ya sisi kuja na chaki.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga wa muhogo. Chukua kilo moja ya unga wenye miligramu 50. Ukiulowesha na kuuanika vizuri, sehemu kubwa ya miligramu hizo inaondoka.

Inaondoka kwenda hewani.

Hewa ya uani inaitawanya mara moja, na hakuna wa kudhurika. Hewa ya chumba kilichofungwa ni habari nyingine. Kiasi ni kidogo, lakini hakuna mzazi ambaye angechagua iwe pale watoto wanapolala. Na yule anayelowanisha muhogo mzima kwenye ndoo au kwenye dimbwi, sehemu ya sumu inaingia majini, kwa sababu linamarini inayeyuka kwenye maji. Maji yale nayo yanamwagwa mahali.

Jibu nilikuwa nalo. Lingenichukua dakika moja na nusu. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kwamba maada haipotei, na ninayewakata alama wakisahau, nilimwambia mtu mzima kwamba sumu inaisha.

## Miguu iliyofungwa

Kuna wanaosema nalikuza jambo. Naomba wasome kipande hiki taratibu.

Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma, mkoani Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Ulikuwa mwaka wa ukame, chakula kilichobaki ni muhogo mchungu, na mwenye njaa hawezi kusubiri siku tano za kuuandaa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitarudi kuwa kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina kutoka lugha ya Kiyaka ya Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Kwetu Tanzania ulionekana Tarime mwaka 1985. Miaka ya mwanzo ya 2000 ukaonekana hapa, mkoani Mtwara.

Sumu peke yake haitoshi kuuleta. Mwili unajua kuivunja makali sianidi, na kazi hiyo unaifanya kwa kutumia salfa inayopatikana kwenye protini: samaki, dagaa, kunde, mbaazi, mayai. Nyumba yenye dagaa ina kinga ambayo nyumba inayokula ugali mtupu wiki tatu mfululizo haina. Kwa hiyo konzo inawapata maskini, mwaka wa njaa, na ndani ya nyumba ya maskini inaanza na anayekula mwisho.

Ndiyo sababu nilichagua mada ile. Na ndiyo sababu niliogopa.

Niliogopa kuwatia watu hofu na chakula chao. Nimewahi kuona mtaalamu akisimama mbele ya kina mama, akasema muhogo ni sumu, akapanda gari akaondoka. Waliobaki nyuma hawakuwa na mchele wa kubadilisha. Walibaki na muhogo ule ule, na aibu juu yake. Nilipojibu “inaisha”, sehemu yangu moja ilikuwa inataka kumtuliza bibi. Nimejichunguza sana kwenye hilo. Nilitaka alale salama. Lakini yeye hakuja barazani kutulizwa.

## Mwenzangu alisema niliache

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa chama, mwalimu mzuri kuliko mimi. Akaniambia niliache. Hoja zake zilikuwa na uzito: bibi ameondoka ameridhika, ukirudi kusema ulikosea, kesho hawatatuamini kwa lolote, baraza bado ni changa. Akaongeza kwamba mtu wa kawaida anahitaji afanye nini, hahitaji kujua kwa nini.

Hilo la mwisho lilininyima usingizi, kwa sababu kwa miaka mingi nami nililiamini.

Usiku mmoja nikakumbuka kisa cha daktari wa Kiswidi, Hans Rosling. Huyu ndiye aliyekuwa akihudumu Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, ule mwaka wa 1981, na akautafiti ugonjwa ule wa miguu kwa miaka mingi. Baadaye dunia ilimjua kwa mihadhara yake ya takwimu, mpaka alipofariki mwaka 2017. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mwaka 1989, katika kijiji kimoja cha Kongo, wakati huo Zaire, alikwenda kuchukua sampuli za damu na mkojo. Watu wakamzunguka na mapanga, wakidhani anakwenda kuiuza damu yao. Alijaribu kueleza, hakusikilizwa vya kutosha.

Akatokea mwanamke mmoja katikati ya kundi, mtu mzima, mwenyeji. Akawageukia wenzake akawakumbusha jinsi surua ilivyokuwa inawaua watoto wao, kisha chanjo ikaja na vifo vikakoma. Mnadhani chanjo ilipatikana vipi, akawauliza. Kwa watu kama hawa kuchunguza. Kisha akakunja mkono, akamwonyesha daktari mshipa: chukua damu yangu.

Nimekifikiria kisa hicho kila nilipokuwa natembea kwenda kazini. Daktari alikuwa na shahada, na alikuwa mzungumzaji wa kipaji. Aliyeokoa siku ni mama aliyekuwa ameelewa kwa nini. Angekuwa ameambiwa tu afanye nini, asingekuwa na la kuwaambia wenzake mbele ya mapanga.

Kesho yake nikaanza kuulizia anapoishi yule bibi.

## Njia ya Nanguruwe

Haikuwa vigumu. Muuza samaki wa siku ya mshumaa ni mkwe wa jirani yake. Nikapanda bodaboda, tukapita Naliendele, tukaendelea na barabara ya Nanguruwe, kisha tukakata kushoto kwenye njia ya mchanga katikati ya mikorosho. Nilibeba kilo mbili za sukari na mche wa sabuni.

“Hodi!”

“Karibu.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mwalimu wa muhogo huyo. Kaa.”

Akanipa kigoda. Uani kulikuwa na jamvi lenye makopa, meupe, yamepasuliwa marefu. Pembeni kinu, mchi umelazwa juu yake. Mbuzi wawili wamefungwa kwenye mti wa mpapai. Hatua chache kutoka walipofungwa, ardhi ilikuwa imechimbika na kulowana, mahali anapomwaga maji ya ndoo.

Nilianza kuomba radhi. Hakuniachia nimalize.

“Siku ya mshumaa nilikuwepo,” akasema. “Nilikaa nyuma kule kule. Ukatuambia mshumaa hauishi, unahama. Nikalishika neno hilo. Sasa siku ya muhogo nikasema moyoni, basi na sumu nayo inahama, ngoja nimuulize inahamia wapi. Uliposema inaisha, nikajua umechoka.”

Nilinyamaza.

Akanieleza alichokuwa anataka kujua. Mvua zikianza, hana pa kuanika nje, hivyo unga wake anautandaza chumbani, kwenye sinia kubwa chini ya kitanda cha wajukuu. Aliposikia kwamba kuna hewa inayotoka kwenye unga, aliwaza wale watoto wawili. Halafu kuna la mbuzi. Msimu uliopita alilowanisha muhogo, akayamwaga maji pale nilipopaona, na jioni yake mbuzi mmoja jike akaanguka, akatetemeka, akafa kabla ya magharibi.

“Tulisema ni nyoka. Tulitafuta alama ya meno, hatukuiona.”

Sikuweza kumwambia kwa uhakika mbuzi wake alikufa kwa nini. Nilimwambia ninachokijua: maji ya kulowekea muhogo mchungu yanaweza kumuua mbuzi, maganda pia, kwa sababu ganda lina sumu zaidi kuliko mnofu. Nikamwambia maji hayo ayamwage mbali na mifugo na mbali na kisima. Kuhusu chumba, nikamwambia akiwa hana budi kuanika wakati wa mvua, ni bora barazani, chini ya paa, upepo upite.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa nini nimwambie hayo yeye peke yake, wakati siku ile tulikuwa watu arobaini.

## Chupa nne

Tukaenda kwake. Ndivyo tulivyoamua chamani, baada ya mabishano ya jioni mbili. Tusiwaite watu mjini. Baraza lihamie chini ya mwembe wa karibu na ofisi ya kijiji chake, na liwe la siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwa sababu jibu tulilotaka kuwaonyesha linahitaji kulala.

Nilianza kwa kusimama na kusema: mara ya mwisho niliulizwa sumu inaenda wapi, nikajibu inaisha. Jibu hilo halikuwa kweli. Leo tumekuja kulijibu upya.

Mwenzangu aliyenishauri niliache alikuwa amekaa pembeni ya mwembe. Nilimwangalia. Aliinamisha kichwa, kisha akainuka akaanza kupanga chupa. Kuanzia hapo kazi ya siku mbili zile ilikuwa yake kama ilivyokuwa yangu.

Tulianza na unga. Njia yenyewe ilitengenezwa na Howard Bradbury na wenzake wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, na ilishajaribiwa hapa kusini konzo iliporudi. Unatia unga kwenye beseni, unausawazisha, unaweka alama ya kisu ndani ya beseni usawa wa unga. Kisha unaongeza maji kidogo kidogo huku unachanganya.

Hapa watoto walisogea mpaka nikakosa pa kuweka mguu. Maji yanaingia, na unga unashuka.

“Unapungua!” mmoja akapiga kelele. “Unaongeza, unapungua!”

Bibi ndiye aliyekuwa anachanganya. Hakuinua macho. Akasema kati ya chembe na chembe kuna upepo, maji yanakwenda kukaa ulipokuwa upepo. Sikuwa na la kuongeza. Aliendelea kumimina mpaka unga ukaanza kupanda tena, na ulipoufikia mstari wa kisu akaacha. Tukautandaza juu ya turubai, unene usiozidi sentimita moja, saa tano kivulini. Juani zinatosha saa mbili. Baada ya hapo unapikwa siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa ukiachwa unachacha.

Zikaja chupa. Nne, ndogo, zenye vifuniko vya kubana. Ya kwanza tuliweka unga wa ngano. Ya pili, unga wa makopa kama ulivyotoka kinuni. Ya tatu, unga huo huo baada ya kuloweshwa na kuanikwa. Ya nne, unga wa muhogo uliotwangwa mbichi, ukaanikwa, ukatwangwa tena, aliouleta shoga yake bibi. Kila chupa ikapata maji matone machache, kipande cha karatasi chenye kimeng'enya, na juu yake ikaning'inizwa karatasi ya njano ya pikrati, ambayo ikikutana na sianidi hugeuka kahawia. Tukazifunga. Mwenyekiti wa kijiji akazitia kwenye kabati la ofisi na kukaa na ufunguo.

Usiku ule nilijua hofu ya kweli. Chupa zingekataa kubadilika rangi ningesema nini?

Jumapili watu walikuwa wengi kuliko Jumamosi. Waliokuwepo jana walikuwa wamekwenda kuwaita ndugu zao. Kabati likafunguliwa mbele ya wote. Chupa ya ngano, karatasi yake njano kama tulivyoiacha. Ya makopa, kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ya unga ulioloweshwa, njano inayoelekea chungwa kwa mbali. Ya shoga yake bibi ilikaa katikati ya hizo mbili.

Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaisogelea ile ya pili, akainama, akaitazama kwa karibu sana bila kuigusa.

“Kwa hiyo ile iliyohama,” akasema, “imehamia kwenye karatasi.”

Nimefundisha kemia miaka kumi na nne. Sijawahi kupata jibu sahihi kuliko hilo.

Shoga yake bibi alitaka kujua kwa nini unga wake haukushinda. Tukalizungumza, na mjadala ulihama kutoka kwangu ukaenda kwao: alitwanga mara ngapi, aliuanika siku ngapi, jua la wiki ile lilikuwaje. Walibishana kwa Kimakonde na Kiswahili, na kuna sehemu nilihitaji kutafsiriwa. Bwana shamba wetu aliandika kurasa tatu. Mwishoni walikubaliana kwamba twanga ya kwanza ndiyo yenye kazi, lazima iwe muhogo ungali na maji yake, na kwamba mwaka wa njaa hapo ndipo watu wanapokata njia. Mama mwenye mtoto akasema hadharani kwamba nyumbani kwao, mwaka ambao hawakusubiri, mdogo wake aliamka hawezi kusimama. Hakusema zaidi. Hatukumuuliza zaidi.

Wanaume wawili waliondoka kabla ya hapo. Mmoja alisema babu yake alikula makopa akafa na miaka tisini. Ni kweli, na sikutaka kubishana naye. Babu yake huenda alikula na samaki.

## Swali lingine

Tulikuwa tunakunja turubai. Kijana mmoja, nywele zake bado zina vumbi la njano, akanijia. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, maana mikorosho inapuliziwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua.

“Mwalimu, na salfa je? Tunapuliza kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, nusu inaanguka chini. Kila mwaka. Inaenda wapi?”

Wiki sita nyuma ningemjibu haraka. Safari hii niliweka turubai chini.

Nikamwambia ninachokijua. Salfa ikianguka haikai hivyo hivyo. Ardhini kuna bakteria wanaoigeuza polepole, miezi kwa miezi, na mwisho wake ni asidi ya salfuriki. Udongo unaongezeka uchachu, na mchanga kama wetu hauna cha kutosha kuipunguza makali asidi hiyo. Imefika wapi kwenye shamba lake yeye, hilo siwezi kulisema nikiwa nimesimama chini ya mwembe. Linapimwa.

“Basi upime.”

Nikamwambia alete udongo wa mahali pawili, kopo moja kutoka chini ya mkorosho uliopuliziwa miaka mingi, na kopo lingine kutoka mahali ambapo salfa haijawahi kufika. Waliokuwa wamebaki wakasikia.

Baraza lijalo ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, chini ya mwembe ule ule. Barazani kwangu sasa hivi kuna makopo kumi na tisa yamepangwa ukutani, ya maziwa, ya rangi, ya kahawa, kila moja lina jina la shamba na neno “chini” au “mbali”. Karatasi za kupimia asidi nimeshanunua. Makopo ya bibi yalifika jana kwa bodaboda. Moja limeandikwa “chini”. La pili halina neno hilo. Limefungwa mdomo kwa kipande cha kanga, na juu yake mjukuu wake ameandika kwa kalamu ya wino: pale alipofia mbuzi.